Sahihi ya Ijumaa

Shoga, nimekwisha. Soma mpaka mwisho ndipo unipigie.

Leo wakaguzi wameingia kliniki ya meno bila taarifa. Mama mmoja mpole, miwani puani, akaomba daftari la mashine ya kuchemshia vifaa. Nikampa huku natabasamu, mimi mjinga!

Akafunua. Akaniangalia. "Mwanangu, leo ni siku gani?"

Nikasema Jumatano.

"Mbona umeshasaini mpaka Ijumaa?"

Mpaka Ijumaa, shoga!! Unajua huwa nasaini wiki nzima siku ya Jumatatu ili niwahi darasa la jioni. Mashine haijawahi kunisumbua.

Akaiwasha, akasubiri. Ikabaki baridi. Akainama kwenye pipa la taka, akatoa vile vikaratasi vinavyogeuka vyeusi joto likitosha. Cha jana cheupe pee. Cha juzi cheupe pee. Nilikuwa navitupa bila kuangalia.

Daktari akaruka futi mia: "Mimi kazi yangu kung'oa. Anayechemsha ni huyu!"

Na ni kweli. Ni mimi.

Kazi imekwenda, hilo hata sililii. Yule mama kanipa kalamu niandike kila aliyetibiwa tangu Jumatatu, waitwe wapimwe damu. "Usimfiche mtu, mwanangu."

Watu kumi na mmoja. Nimeandika kumi, nikaiweka kalamu chini. Wa kumi na moja ni mtoto wangu. Si nilimpeleka jana ang'olewe jino?

Tuko kwenye benchi la maabara sasa hivi. Ananionyesha pengo lake, anacheka.