Nilibishana na Mwezi

Mbarara, Uganda

Mama yangu mupenzi,

Ninajua ni dada Sifa anayekusomea karatasi hii, na fasi ninapomutaja vibaya ataruka. Mimi ni muzima. Ninyi je? Muguu wako umekubali dawa? Muhogo umetoka? Simu yako haiingii tangu mvua zianze, ndiyo maana nimempa barua mama muuza vitenge anayepitia Bujumbura. Mimi nimenenepa. Ukinikuta barabarani utaniita shefu.

Sasa habari ya shule. Usiingoje mpaka chini: sikuipata.

Wafadhili walitafuta mutoto mmoja wa kambi yetu ya wakimbizi, mmoja tu, wamulipie bweni hapa Mbarara mpaka amalize. Tulibaki wawili, mimi na Fabrice, yule Murundi tuliyelala naye hema moja Kabazana, pale wanapopokea wakimbizi, siku za kufika. Njiani kutoka kambini Nakivale nilimuonea huruma. Nilimwambia awashe mushumaa kanisani kwao, maana anashindana na mutoto wa Baraka, kando ya ziwa, aliyejua kuogelea kabla ya kutembea. Alicheka tu, macho kwenye kitabu.

Ndani ya ofisi ya shule walitungoja mwanamume wa miwani na madamu mmoja Munyankole, mwenyeji wa hapa. Tuliingia mumoja mumoja. Mimi nilitangulia. Hesabu nilipita. Kingereza nilipita, karibu. Kisha madamu akauliza ni nini kinachofanya maji ya bahari yajae na kupwa. Mama, nilitaka kucheka. Maji, waniulize mimi! Nikajibu ni upepo. Akauliza kama mwezi hauna kazi kwa maji. Nikasema uko nayo kubwa: ukijaa, samaki wadogo wa ndagala hawafuati taa za wavuvi, baba na wenzake wanakaa nyumbani kushona nyavu, na wewe unamugombeza anakuzibia jiko. Yule wa miwani alicheka mpaka akaivua.

Madamu hakucheka. Alinieleza kwa Kiswahili chao cha kukatakata. Mwezi unavuta dunia. Upande ulio karibu nao, maji yanavutwa kuliko ardhi, yanainuka. Upande wa nyuma, ardhi inavutwa kuliko maji, basi maji yanaachwa nyuma, nayo yanainuka. Dunia ikizunguka, pwani inapita kwenye vilima hivyo viwili vya maji, ndiyo maana kwa siku bahari inajaa karibu mara mbili na kutoka mara mbili. Jua nalo linavuta, kwa nguvu ndogo zaidi. Mwezi ukiwa mupya au umejaa, vyote viwili vinavuta kwa mustari mmoja, na maji yanapanda sana.

Ningenyamaza hapo labda ningekuwa mwanafunzi. Lakini unanijua. Nilimwambia nimekulia Tanganyika, na sijaona hata siku moja maji yanaondoka halafu yanarudi. Mutumbwi tunauacha ukingoni, asubuhi uko palepale. Kama mwezi unavuta, mbona unaruka ziwa letu? Akasema hauliruki, ila ziwa ni dogo mbele ya bahari, maji yake yanapanda kidogo sana, jicho halioni. Nikamuuliza kama amewahi kulala Baraka.

"Wewe kijana," akasema, "unabishana na mwezi. Sisi natafuta mtu anakubali kufundishwa."

Fabrice aliingia nyuma yangu, wakamuuliza swali lilelile, mimi ninasikiliza dirishani. Mutu wa milima, maji makubwa aliyowahi kuona ni haka kaziwa ka Nakivale, lakini alijibu yote, mpaka ya jua. Tulipotoka nikamuuliza kama ilikuwa ndani ya kile kitabu cha njiani. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini hakunionyesha.

"Uliniambia wewe ni mutoto wa maji," akasema. "Ningekuonyesha nini?"

Sifa asome hapo mara mbili, afurahi.

Sasa Fabrice analala bweni, kitanda cha juu. Mimi ninaosha pikipiki za watu hapa mutaa wa Nyamityobora, na siku za kulima ninarudi Nakivale. Jumapili akitoka misa anapita na shati nyeupe, ananisalimu kwa Kingereza. Ninamuitikia kwa Kiswahili na ninamumwagia maji ya sabuni kwa viatu. Hakasiriki. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Nisalimie baba, na baba mudogo Elia mwenye kuimbisha kanisani, na bibi, umusemeshe kwa nguvu asikie. Pasta umwambie aondoe jina langu kwa maombi ya shule, aweke la mutu mwingine.

Na kile kitenge ulichofungia kwa sanduku, ulichosema utakivaa siku nikimaliza masomo, kitoe. Kivae Jumapili hii.

Ni mimi, mutoto wako wa mudomo,
Bahati