Mtani Aliyeokota Taka Kisimani

Mjukuu wangu Hamisi, shikamoo yako imefika kutoka Unguja, marahaba. Usishangae kuitwa mjukuu: mama yako ni mtoto wa dada yangu, basi mimi ni bibi yako ingawa bado nanyonyesha. Mwanangu anaota meno. Halali, nami silali.

Umeuliza kwa nini Kalunde, yule mwokota taka, akipita naacha chungu jikoni nikamsikilize. Kalunde ni Mnyamwezi, mtani wetu sisi watu wa pwani. Nilipokuwa mdogo alikuwa akiokota taka kwenye kambi ya wapagazi, makumbi akiwapelekea wasokota kamba, matambara watengeneza tambi za taa. Asubuhi moja alisimama kisimani akasema, "Enyi wala papa, leo mnakunywa uozo!"

Wanawake wakacheka. "Mtani, huko bara kiu ilikukimbiza, leo wayakataa maji yetu?" Mama naye akacheka, akajitwika mtungi akaondoka.

Mimi nikataka kujua mbona Kalunde mwenyewe hacheki. Nikamfuata nyuma ya kisima. Mtu alikuwa ametupa matumbo ya samaki pale, na mvua ilikuwa imeyasukuma hadi ukingoni.

"Nimezoa niliyoweza," akasema. "Mengine yameshaingia."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa amemwinamishia mdogo wangu kata ya maji mdomoni. Nikayaropoka yote. Mama aliimwaga kata, kisha mtungi mzima.

Nawe huko, mtani akikutania, mtazame usoni kwanza, ndipo ucheke.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi