Kaseti ya Mama, Iliyosimama Katikati ya Kiitikio

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliposogeza kiti chako cha plastiki barazani, ukasema unapumzisha macho kidogo, na hukuyafumbua tena. Mwaka mzima, baba. Watu walituambia tutazoea. Hatujazoea. Tumechoka tu, na kuchoka si kuzoea.

Bisibisi yako ndogo bado imo kwenye mfuko wa shati la kijivu; mama hataki itolewe. Mezani hakuna tena wa kutuita kwa kugonga kikombe na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili," utadhani sisi ni vipaza sauti vya uwanjani. Majirani nao, redio zao zikianza kukohoa, huja nazo hadi mlangoni, wanakumbuka, wanarudi nazo. Ulizitengeneza kwa ahsante na kikombe cha chai, na mara nyingi hata hiyo chai ulisahau kuinywa.

Lakini leo tunaandika hasa kwa ajili ya mama na ule wimbo. Wewe kisa unakijua, tena kuliko sisi. Wanaosoma hawakijui, basi tuvumilie.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, siku ya mechi ya mwisho wa msimu, ulitoka nyumbani mbio kwenda uwanjani, kwenye chumba chako cha mitambo ya sauti, huku shati halijafungwa vifungo. Kaseti za kazini na za mama zilikaa sanduku moja kwenye kabati la jikoni. Mama alikuwa amekwambia mara mia uzitenganishe. Ulitaka ile ya matarumbeta, ukachukua ya kwake, tena ile uliyomnunulia wakati wa uchumba: wimbo wa redioni wa kijana aliyekwenda kumwona mpenzi wake, akanyeshewa, akasimama mlangoni akilalamika, "Siendi, mpenzi, siendi, mpaka mvua iishe." Mama alifulia kwa wimbo huo, akapikia kwa wimbo huo, na sisi sote alitulaza kwa wimbo huo.

Ilikuwa mapumziko. Timu yetu imeshapigwa tatu bila, inashuka daraja, na mvua inawapiga watu kwenye jukwaa lisilo na paa. Ukabonyeza, wimbo wa mapenzi ukatoka. Watu wakacheka, wengine wakazomea. Ulikuwa bado unapekua mfuko kutafuta kaseti sahihi umeme ulipopotea, katikati ya kiitikio cha kwanza. Spika zikanyamaza, na jukwaa likaendelea.

Hawakuendelea kwa kuupenda. "Siendi" ndilo neno pekee lililofaa kusemwa wakati ule na watu waliolowa, walioshindwa na wasio na pa kwenda. Kwa kuwa hapakuwa na ngoma ya kuwakimbiza, waliuvuta taratibu. Kila baada ya mstari wakaweka makofi mawili. "Mpenzi" akatolewa, ikaingia timu. Kipindi cha pili yakarudi mabao matatu, ikapatikana pointi moja, hatukushuka. Mechi iliyofuata waliuanza wenyewe bila kuombwa. Mtunzi alimbembeleza msichana. Wao tangu siku hiyo wanambembeleza mshika kibendera. Watoto waliozaliwa baadaye wataapa kwamba ulitungwa kwa ajili ya timu.

Mama alipodai kaseti yake, ulisema mashine imeila.

"Umeniibia wimbo, Fundi," alikuwa akikwambia, "ukawapa watu wasiojua hata kufuta viatu mlangoni." Ulicheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wakati ule aliweza kuuvumilia. Nyumba yetu iko nyuma ya uwanja, wimbo unaingia hadi kwenye sufuria, lakini alijua kwamba ukiisha, saa moja baadaye utaingia ukitaka maji ya moto.

Mwaka huu wimbo uliisha, na hakuingia mtu. Kila timu ilipocheza nyumbani, mama alifunga madirisha, akaziba chini ya mlango kwa taulo, akafungua bomba hadi mwisho ili maji yapige kelele. "Nimechoka nao," alituambia. "Wao wana wimbo. Mimi sina wimbo, sina mtu."

Mwezi uliopita akaja Tarumbeta, yule kiongozi wa mashabiki mwenye koo la ng'ombe. Kofia mkononi, mpole kama mkwe. Timu ilikuwa inaelekea kushuka tena, na mechi ya mwisho ingeangukia wiki ya kumbukumbu yako. Walitaka mama akae jukwaa kuu, aimbiwe.

"Mwanangu," mama akamwambia, "kuimbiwa nimeimbiwa miaka ishirini na mitatu. Sasa nataka kunyamaziwa."

Tarumbeta akainuka. Kwa aibu, na ili asiondoke bila neno jema, akasema, "Basi, mama. Kaseti tutaendelea kuilinda."

"Kaseti gani?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako, baba, ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na mitatu, na ilipofika mwisho wewe mwenyewe hukuwepo. Kaseti haikuliwa na mashine yoyote. Baada ya ile sare mashabiki walikuapisha: isitolewe, isirudishwe nyuma, ikae palepale umeme ulipoiacha, la sivyo timu itashuka. Ukatafuta mashine nyingine ya kazi. Ungewezaje kumwambia mama kwamba kaseti ya uchumba wenu imegeuzwa hirizi ya mabeki?

Asubuhi yake mama alikwenda uwanjani. Alipanda ngazi za chuma za chumba chako akipumzika kila baada ya tatu. Fundi aliyeshika nafasi yako, dada mmoja mwenye miwani, alimpa kiti, kisha akafunua kitambaa kwenye rafu. Mashine ya zamani, safi, kaseti ndani. Juu yake karatasi, mwandiko wako: "Ya mama watoto. Nitamrudishia timu ikichukua kombe."

Timu hiyo, baba, haijawahi kuchukua hata kikombe cha chai.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akagundua kwamba kiti alichokalia ni chako, akalia. Dada wa mitambo akatoka nje, akamwacha.

Tarumbeta alimkuta akishuka na kaseti ndani ya pochi. "Chukua, mama, ni yako. Ila nakupigia magoti, usiirudishe nyuma mpaka mechi ya mwisho ipite."

"Nikingoja kombe lenu nitazikwa nayo," mama akasema, akaendelea kushuka.

Jioni ile aliirudisha nyuma kwa penseli, polepole, mkanda usije ukakatika. Tukakaa jikoni sote. Ndipo sisi watoto wako, watu wazima wenye mvi, tukatambua kwa mara ya kwanza kwamba wimbo ule una ubeti wa pili. Pengine tuliusikia utotoni tukasahau. Uwanjani hawaujui kabisa, kwa sababu umeme haukuwafikisha huko. Ni msichana, anajibu kutoka ndani.

Jumamosi ya mechi ya mwisho timu ilifungwa mbili bila. Imeshuka. Tarumbeta hatusemeshi, na hatumlaumu.

Waliuimba, tena polepole kuliko siku zote, bila tone la mvua. Sisi tulikimbilia madirisha kama kawaida. Mama akasema, "Acheni." Akafungua la jikoni mwenyewe, akarudisha mikono kwenye maji ya vyombo. Aliwasikiliza mpaka makofi mawili ya mwisho. Walipofika pale wasipojua pa kwenda, yeye akaendelea peke yake, kwa sauti ya mtu anayesuuza sahani:

"Mvua imeisha, viatu vyako vimekauka. Nenda, mpenzi, mlango nitafunga mwenyewe."

Aliumaliza wote. Kisha akafuta mikono, akasema, "Fundi, nenda kapumzike. Nimekusamehe kaseti." Dirisha hakulifunga.

Unakumbukwa na mke wako, aliyerudishiwa wimbo wake. Wanao watatu na wake zao na waume zao. Wajukuu saba, ambao wote huita watu mezani kwa "moja, mbili". Dada yako wa mwisho. Shemeji yako, ambaye hadi leo anasema lile bao la tatu lilikuwa la kuotea. Dada wa mitambo, majirani wenye redio mbovu, na Tarumbeta akishamaliza kununa.

Tutakukumbuka daima, timu ipande, timu ishuke.