Kitanda cha Bandani

Renmark, Australia Kusini
6 Juni

Mpendwa dada Evdokia,

Habari za huko Darwin, na magoti yako yanaendeleaje? Natumai joto linayasaidia. Shemeji Mikes je, kikohozi kimempungukia? Sisi huku baridi imeshika, vidole vinakufa ganzi kwa kuchuma machungwa, lakini tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Ningekupigia simu, ila kwa simu mimi hudanganya, na nimechoka kudanganya. Dada, mimi na Pantelis tumeachana. Si jana. Ni tangu tarehe kumi na nne Julai mwaka jana. Ulipokuja Agosti kwa arobaini ya shangazi Kalliopi ukalala kwetu siku nne, tulikuwa tumeshaachana mwezi mzima, humu humu ndani.

Hakunipiga, wala hana mwanamke. Afadhali angekuwa naye, ningepata wa kumtukana. Amenyamaza tu. Miaka sita sasa hajaniambia neno lisilohusu maji ya kumwagilia michungwa. Siku hiyo ya Julai nilimwambia, "Pantelis, ndoa imekwisha, mimi siwezi tena." Akachukua mto wake, akasimama mlangoni, akasema, "Sawa. Alhamisi wanafungulia maji." Akahamia banda la kufungashia machungwa.

Tangu hapo najiandaa kidogo kidogo. Nimeomba nakala ya cheti cha ndoa, nimefungua akaunti yangu benki, nimetoa nakala ya hati ya shamba, nimeorodhesha kila kitu cha nyumbani mpaka sufuria ya mama. Karatasi zote ziko kwenye pipa la unga, maana Pantelis hajawahi kujua unga unakaa wapi. Si kwamba hajui ninachofanya. Barua za wakili huja kwenye sanduku letu moja. Padri naye kasema kanisa litatuita kwa talaka yake, lakini ya serikali itangulie.

Nilipokwama ni hapa. Sheria ya talaka inataka miezi kumi na miwili ya kutengana, na zimebaki wiki tano. Ila wanaotengana chini ya paa moja lazima wapate mtu mwingine wa kuapa kwa maandishi kwamba aliona. Wakili wangu, binti mdogo tu anayesaidia watu bure pale maktaba kila Jumanne, akaniuliza, "Mama, nani anajua?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Mwanangu, nilijitahidi sana."

Akaweka kalamu chini. Maskini, nadhani alitaka kucheka.

Nilijitahidi kweli. Sikukuu ya mtakatifu wa jina langu nilikaribisha nusu ya kanisa, Pantelis kaketi kichwani mwa meza kama askofu. Fotini wetu alipokuja Pasaka nikamrudisha baba yake chumbani siku mbili ili mtoto asijue, yeye kitandani, mimi sakafuni, mlango tumeufunga. Mgongo unaniuma mpaka leo, na wakili anasema hata hilo itabidi tulieleze. Nimeificha aibu yangu vizuri mno, sasa mahakama nayo haitaiona.

Lakini wewe uliona, dada. Ulikiona kitanda bandani, nikakwambia ni cha vibarua. Ulimkuta Pantelis anakaanga mayai yake na kufua mashati yake, ukamtania, "He! Shemeji, umerudia ukapera?" na mimi nikacheka kuliko wote. Uliona rafu za jokofu zimetengwa kwa utepe, nikasema daktari kamkataza chumvi. Halafu tukiwa tunaosha vyombo ukanishika mkono, ukaniuliza kama nina raha. Nikakujibu unanionea wivu. Wewe, uliyenilea! Kesho yake ukaenda zako. Kwa hilo nisamehe, hata kama haya mengine utayakataa.

Najua ninachokuomba. Wewe ndiye msimamizi wetu wa ndoa. Miaka thelathini na moja iliyopita ulizibadilisha zile taji za harusi vichwani mwetu mara tatu. Bado ziko kwenye kisanduku chao cha kioo juu ya kitanda, kila Jumamosi nazipangusa vumbi. Ukikataa sitakuwa na kinyongo. Ila wakili anasema huenda ikabidi nihame na kuanza kuhesabu upya, na nina miaka hamsini na tisa, dada, nimechoka. Ukikubali, usinitetee wala usitie chumvi. Andika ulichokiona tu, uape mbele ya mwenye mamlaka ya viapo, unitumie kabla ya kumi na nne Julai.

Msalimie sana shemeji Mikes, Irini na wanawe, na bibi Zambeta kama bado anasikia. Mama wa Mungu awafunike nyote kwa vazi lake.

Ni mimi mdogo wako, niliyekupenda hata nilipokuwa nakudanganya,
Stamatia

N.B. Pantelis ameingia sasa hivi kuchukua mayai yake, akaliona jina lako juu ya bahasha. Sikuificha. Akasimama pale mlangoni, akasema, "Mwambie kile kitanda ni cha chuma. Asije akaandika cha mbao, wakamkatalia." Akatoka. Dada, miaka sita, na hilo ndilo neno lake la kwanza lisilo la maji. Nimekaa hapa na bahasha mkononi, nashindwa kuifunga.