Jibu Langu kwa Mzee Rabson

Tunduma,
Jumapili.

Kaka yangu mpendwa Nathanaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Nesta na watoto, na kwamba jua la Kamsamba halijawazidi mwaka huu. Mimi sijambo, ila nimechoka. Tangu tumzike Sebastian hujanipigia simu, nami sijakupigia. Ndiyo maana nimeona niandike.

Nimepata kibarua cha muda. Kuna watafiti wanataka kujua watu wa kawaida wametengana kiasi gani kwa sababu ya vyama tangu uchaguzi. Tunapita nyumba kwa nyumba na simu yenye maswali. Tunamwomba mtu aseme anawaonaje wafuasi wa chama kingine, kuanzia sifuri, yaani baridi kabisa, mpaka kumi, yaani moto. Bibi mmoja wa Msangano alicheka, akasema kwao baridi haipatikani hata kwa adui, labda nikaulize Mbozi kwenye baridi. Muuza mitumba wa hapa mpakani alisema hao watu anawapa kumi wakija kununua na sifuri wakigeuka mgongo, sasa niandike ipi? Nikamwambia achague moja. Akasema basi mama, weka tano tusigombane.

Tunauliza pia kama mtu angekubali mwanawe aoe au aolewe huko, na kama angekwenda kwenye msiba wa mtu wa huko. La msiba wote wanakubali. Msiba hauna chama, wananiambia, wengine kwa hasira kana kwamba nimewatukana. Nikiuliza kuhusu majirani zao, wanasema aa, hao hawaendi. Msimamizi wetu, Ezron, anasema tuandike tunachoambiwa. Naandika. Jioni nikirudi miguu inawaka moto, najilaza upande wangu tu wa kitanda. Sebastian alikuwa akilala ukutani, na bado namwachia nafasi.

Alhamisi nilikuwa karibu na Mbozi Mission, kwa mzee mmoja aitwaye Rabson, nikamkuta anapalilia kahawa. Alijibu vizuri mpaka tulipofika kwenye swali la msiba. Hapo akagoma. Alisema anayeuliza maswali kama haya huwa anajificha nyuma ya maswali yenyewe, kwa hiyo nianze mimi kujibu. Nikamweleza kwamba hairuhusiwi. Akasema basi binti, chukua simu yako uende, mimi nina magugu.

Kaka, nilikuwa nimechoka. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ya kumzika mume wangu mwongozaji wa ratiba alimwita kaka wa mjane aje kuweka shada, akaita tena, watu wakageuka kuangalia njia, nami nikaangalia pamoja nao. Nilimwambia kwamba ulimtuma wifi na unga, wewe ukabaki nyumbani kwa sababu ya bendera ya chama cha Sebastian iliyokuwa juu ya paa letu. Kisha nikajibu swali. Nilisema kwamba siku ukifa wewe, mimi siendi.

Sikujua kwamba neno hilo limo ndani yangu. Nilidhani ni wewe tu mwenye moyo wa hivyo. Mzee Rabson alisimama ameshika mpini wa jembe, akanipa pole. Halafu akasema taratibu kwamba ana mdogo wake hapo hapo kijijini, wa chama kile kingine, na kwamba jibu lake niliandike hivyo hivyo kama langu, maana alikuwa anataka kunidanganya kwamba angekwenda.

Nakuandikia haya kwa sababu nisipokuambia, jibu lile litabaki kuwa la kweli. Jumamosi nitapanda gari nije huko Kamsamba. Sitaki unieleze mambo ya bendera, wala mimi sitakueleza. Nataka tu unione nikiingia mlangoni tungali hai sote wawili. Kama hutaki kuongea nami, nitakaa jikoni na wifi mpaka gari la kurudi.

Wasalimie watoto, na majirani wote wa huko. Bwana awatunze mpaka nifike.

Ni mimi mdogo wako,
Ruti