Nesi wa Seli Nyeupe

Jumanne

Na huyo nesi wa kituo cha afya cha Ngarenaro! Tangu tufunge ndoa nimemsihi Elia, mume wangu, kipenzi changu, aache kujinunulia antibiotiki kila akishikwa na mafua. Alikuwa anacheka tu.

Leo wamempima damu, seli nyeupe zimepungua. Nesi akamwambia baadhi ya dawa hizo huweza kuwapunguza hao askari wa mwili. Basi, kafika nyumbani katupa vidonge vyote!

“Mke wangu, yule dada anaeleza, we acha tu!”

“Kwani mimi nilikuwa naimba?”

Akanibusu. Nikayeyuka kabisa, lakini wivu umebaki palepale.

Naziogopea hizo seli, kweli. Ijumaa anarudi kupimwa tena. Tunakwenda wote, na gauni langu la sendofu, lile nililoagiwa nalo nyumbani kabla ya harusi, nimeshalipiga pasi.