Yule Anayesalimiwa na Nekesa

Kitale, Jumapili baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na mahindi hapo Kanduyi yamebeba? Mimi ni mzima, bado nalea watoto katika shule yetu ya wale wenye ulemavu wa kujifunza.

Unamkumbuka Nekesa, msichana wa Cheptais aliyefiwa na mama yake? Kila jioni baada ya uji alienda peke yake hadi kwenye ua wa shule, akamsalimia mama yake kwa lugha ya kwetu, "Mulembe, mayi." Halafu alinyamaza kama anayejibiwa, akacheka kidogo. Mpishi wetu aliacha kupita upande ule.

"Huyo mtoto anaongea na wafu," alisema. "Si mumrudishe kwao?"

Mwalimu mkuu alikuwa ameanza kukubali.

Ndipo akaja mtaalamu wa macho. Nekesa hajui kusoma, kwa hivyo alimpima kwa picha: akionyeshwa nyumba, aguse nyumba kwenye kadi iliyo mapajani. Mtaalamu aliposogea nyuma kidogo tu, Nekesa akashindwa.

"Mnasema hashiki masomo," akaniambia, "na hata ubao haoni."

Miwani ilipofika aliitupa. Ilimfinya nyuma ya masikio. Ikarekebishwa, ikatiwa lastiki, nami nikawa namvalisha kidogo kidogo tukilisha kuku, maana anawapenda. Siku moja akakataa kuivua. Aliangalia kuku, akaangalia mikono yangu, kisha akageukia ua.

Pale palikuwa na kisiki kirefu cha msaiprasi, kimetundikwa gunia kuukuu, kwa mbali kama mtu aliyejifunga leso. Alikigusa juu hadi chini.

"Ni mti," akasema.

Nilifurahi, nikadhani yameisha. Lakini alivua miwani, akanipa niishike, akarudi nyuma, akatabasamu. "Mulembe, mayi."

Siku hizi darasani anaivaa na kufuata herufi kwa kidole. Hakuna tena anayetaja kumrudisha kwao. Jioni ananipa miwani, nami simzuii.

Juzi kisiki kiling'olewa, ua ujengwe upya. Nilidhani atalia. Alisimama palepale, akasalimia, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akanigeukia.

"Anauliza wewe ni nani."

Mama, nililitaja jina langu. Nililitaja kwa sauti, nikiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Nisalimie Baba, dada yangu mshonaji na shangazi wa Lugulu. Shangazi mwambie aniombee, lakini usimweleze sababu.

Mwanao,
Nafula